Nani Ataishi Naye? Mhadhara juu ya lama, tembo na mifugo ya Tshopo



Mada niliyopewa imewachekesha baadhi yenu tangu ilipobandikwa mlangoni: ufugaji wa lama. Lama ni mnyama wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na hapa jimboni tunamjua kwa picha za simu tu. Lakini nyuma ya kicheko kuna swali zito ambalo vijana wa kilimo hapa Kisangani huuliza mara kwa mara: tulete mnyama gani? Mmoja anataja punda, mwingine ng'ombe wa maziwa, na siku hizi yupo anayetaja lama, kwa kuwa ameona video ya watu wa Ulaya wakitembea naye mashambani kwa kamba, kama mtu na rafiki yake.

Nitaanza na lama mwenyewe, nije kwenye msitu wetu, nipitie kwa tembo waliowahi kufanya kazi katika nchi ya Uele, kisha nimalizie kwa mbuzi. Hoja yangu naitoa mapema ili msihangaike kuitafuta. Mnyama wa kazi hauzwi akiwa tayari. Hutengenezwa na watu wanaoishi naye, kizazi baada ya kizazi. Basi mfugaji aanze kwa kuuliza ni nani ataishi na mnyama huyo. Jina la mnyama lije baadaye.

1. Lama kwao

Lama ni wa ukoo wa ngamia, ingawa hana nundu. Watu wa Andes walimfuga miaka 6,000 iliyopita au zaidi, wakianzia kwa mnyama wa mwituni aitwaye guanako. Kwao ni nyanda za juu zenye baridi, zilizo karibu mita 4,000 juu ya bahari, ambako majani ni makavu na hewa ni nyepesi. Tumbo lake lina vyumba vitatu, nalo hutoa chakula katika nyasi ambazo ng'ombe angezikataa. Nyayo zake ni laini, hivyo hazichimbi njia za mlimani. Samadi huiacha mahali pamoja, kundi zima likitumia choo kimoja, na mkulima huikusanya bila kuzunguka. Sufu yake hufumwa, nyama yake huliwa, na kinyesi kikavu huwashwa jikoni penye uhaba wa kuni.

Sasa sikilizeni habari ya mzigo. Lama aliyekomaa ana uzito wa kati ya kilo 130 na 200, na hubeba takribani robo ya uzito wake. Katika safari ndefu hupewa kilo 25 hadi 30, akatembea kilomita 20 kwa siku au zaidi. Mkimzidishia, hulala chini na hainuki hadi mpunguze. Hapandwi na mtu mzima. Nguvu ya lama, basi, haimo ndani ya lama mmoja. Imo katika msafara: wanyama wengi waliozoeana, wakimfuata kiongozi wao, na wachungaji wachache wanaomjua kila mmoja. Dola la Inka lilikuwa na barabara ndefu na halikuwa na farasi wala ng'ombe. Misafara ya namna hiyo na migongo ya watu ndiyo iliyobeba mali zake.

Huko Amerika ya Kaskazini, tangu miaka ya 1980, lama amepewa kazi nyingine. Wafugaji wa kondoo humweka dume mmoja aliyehasiwa katikati ya kundi. Kwa kuwa hana lama mwenzake, huwafanya kondoo kuwa jamaa zake, na mbwa mwitu akija, humkabili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State walipowauliza wafugaji waliotumia njia hii, wengi wao walieleza kwamba hasara ilishuka sana. Na kuna wanaomfuga kwa ajili ya uandani tu: kutembea naye, au kumpeleka kwa wazee na wagonjwa ili wamguse na kuchangamka.

Mpaka hapo anavutia. Tumlete basi Kisangani, kwa fikra tu. Hapa tuko kiasi cha mita 400 juu ya bahari. Jirani zetu wa Yangambi hupata mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Joto letu si kali kama la jangwani, lakini limejaa unyevu, nao ndio humtesa mnyama mwenye sufu nzito, maana mwili wake hushindwa kutoa moto. Juu ya hayo, huku kuna mbung'o.

2. Msitu uliowakataa wanyama wa mizigo

Mbung'o, tunayemwita pia tsetse, huwapa watu malale na huwapa mifugo nagana. Kimoja kati ya vimelea vya nagana kina jina la nchi yetu, Trypanosoma congolense, jina alilopewa na daktari Broden mwaka 1904. Farasi, punda na ng'ombe wa kawaida hukonda, huishiwa damu, hufa. Ngamia, ndugu mkubwa wa lama, hakuweza kuvuka ukanda wa mbung'o kuja kusini. Mpaka wake ulichorwa na nzi. Sina sababu ya kutumaini kwamba lama atapata rehema ambayo ngamia hakuipata.

Historia ya jimbo letu imeandikwa na nzi huyo kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1887 mvumbuzi Stanley aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, ambayo leo iko ndani ya Tshopo, akiingia msituni na mamia ya wanaume, wengi wao Wazanzibari, pamoja na punda wachache. Njaa ilipowakamata, punda aliyetoka Zanzibar alipigwa risasi, na nyama yake ikagawiwa kwa uangalifu wa kugawa mali ya thamani. Huo ndio ulikuwa mwisho wa punda huyo: alikuja kubeba, akaishia kubebwa tumboni.

Aliyebaki kubeba ni mtu. Biashara ya pembe za ndovu iliyofika Boyoma, Kisangani ya leo, katika zama za mfanyabiashara Tippu Tip, ilipita vichwani na mabegani mwa watu. Dola la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji likaja, likaongeza bunduki na mjeledi juu ya kazi ileile. Mzigo wa mpagazi katika misafara mingi ulikuwa kiasi cha kilo 30. Linganisheni na hesabu ya lama niliyowapa. Binadamu wa Kongo alifanywa lama wa nchi yake, tena bila ile haki ya lama ya kulala chini mzigo unapozidi.

Reli ya kutoka hapa hadi Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuyazunguka maporomoko. Ilipunguza mzigo kwenye njia hiyo moja. Kwingine kichwa na mgongo viliendelea, na vinaendelea. Tazameni barabara ya asubuhi kuingia mjini: mama amebeba kikapu cha muhogo kwa ukanda wa kipaji cha uso, kijana anaisukuma baiskeli iliyopakiwa mkaa hadi yeye mwenyewe haonekani. Toleka zetu, baiskeli za kukodi, kabla ya pikipiki kutawala, ziliubeba mji huu. Baiskeli haiugui nagana, ndiyo maana ilishinda. Lakini anayeisukuma hupanda kilima kwa mapafu yake mwenyewe.

Kwa hiyo anayeniuliza habari ya mnyama wa mizigo simcheki. Ana haki ya kuuliza. Na si wa kwanza.

3. Kutoka Msasani hadi Api

Katikati ya mwaka 1879 meli kutoka Bombay ilishusha tembo wanne wa India katika ghuba ya Msasani, karibu na Dar es Salaam. Waliagizwa na Mfalme Leopold huyohuyo, wakiongozwa na Mwairishi aliyeitwa Carter, pamoja na walezi wao wa Kihindi. Wazo lilikuwa hili: mbung'o huua ng'ombe na punda, lakini tembo huishi msituni salama, basi tembo na abebe mizigo hadi Ziwa Tanganyika. Mbung'o kweli hawakuwashinda. Kilichowashinda ni safari yenyewe, chakula walichokizoea kuachwa nyuma, na mizigo mizito. Mmoja alifia Mpwapwa, na kabla ya kufika ziwani wengine wawili walikuwa wamekufa. Jike mmoja, Pulmalla, aliingia Karema, kando ya ziwa hilo, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880, akiwa njiani kurudi pwani.

Leopold hakuachia hapo. Ikiwa tembo wa India ni mgeni, akafikiri, tumfunze tembo mwenyeji. Mwishoni mwa karne ile kazi hiyo alipewa afisa Laplume katika nchi ya Uele, kaskazini yetu, sehemu ambazo hadi mwaka 2015 zilikuwa pamoja nasi katika jimbo moja la Orientale, na makao makuu yalikuwa hapahapa Kisangani. Alianzia Kira-Vunga, kisha kituo kikakaa Api. Njia za kwanza hazikufaa: tembo wakubwa hawakukubali utumwa, walikufa. Ndipo wakaanza kuwakamata wadogo, wale wanaoweza kula wenyewe lakini bado wanafundishika. Kufikia mwaka 1910 Api ilikuwa na zaidi ya tembo 30. Baadaye kituo kikubwa kilijengwa Gangala-na-Bodio, kando ya mto Dungu, karibu na pale ilipoanzishwa hifadhi ya Garamba mwaka 1938.

Vitabu vingi humtaja Laplume, halafu vinanyamaza. Nani alifanya kazi? Wengi wao walikuwa Wazande. Wao ndio walioingia kwenye kundi, wakapiga bunduki hewani kuwatisha wakubwa, wakamkimbilia mtoto wa tembo na kamba mikononi, wakamfunga kwenye mti. Wao ndio waliomleta kambini, akiwa katikati ya tembo wawili wazee waliokwisha kufundishwa, maana mtoto wa tembo hutulia anapoguswa na tembo mwenzake. Kila mateka alipewa mlezi wake, kornaki. Mlezi alimlisha viazi vitamu kwa mkono, alimmwagia maji, alimpapasa, na alimwimbia jioni hadi hofu ikaisha. Baada ya miezi mingi ya kazi hiyo, tembo alivuta jembe na mikokoteni, na walowezi waliweza kumkodi kwa mashamba yao.

Wanaosema kwamba tembo wa Afrika hafugiki wajibiwe kwa neno moja: Api. Alifugika, akalima, na akavuta magari ya mizigo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa nini basi hayupo leo barabarani Buta au Isiro? Lori lilikuja, ndiyo. Vita vya miaka ya 1960 vilitawanya watu, ndiyo. Lakini chini ya sababu hizo kuna nyingine. Kazi ile ilikuwa mali ya serikali. Mkulima wa Kizande aliyejua kumlea tembo hakuwa na tembo wake, wala hakupewa nafasi ya kumtumia kulima shamba lake. Ujuzi ulilipwa mshahara mdogo, na mshahara ulipokatika, ujuzi ukafa pamoja na wazee. Kufikia miaka ya 1980 Gangala-na-Bodio ilibaki na tembo wachache wazee. Mwaka 1987 walikamatwa wadogo wapya na kufunzwa, hasa kwa ajili ya kuwabeba watalii. Vita vilivyofuata havikuacha nafasi kwa jambo hilo kukua.

4. Uandani ni zana ya kazi

Naona mtu anataka kuniuliza: mbona unachanganya mnyama wa kazi na mnyama wa uandani? Anayemtaka lama wa kutembea naye si sawa na anayetaka kubebewa muhogo.

Nasema ni mamoja. Uandani ndio kifaa cha kwanza cha mfugaji, kabla ya kamba na kabla ya dawa. Kornaki aliimba kwa sababu tembo asiyemjua mtu wake huua. Mchungaji wa Andes huwajua lama wake mmoja mmoja kwa sababu msafara husimama pale kiongozi wake anaposimama.

Ila uandani nao una elimu yake, na asiyeijua huumia. Dume la lama likitengwa na wenzake tangu utotoni, likanyonyeshwa kwa chupa na kudekezwa na watu, hukua likiwaona watu kuwa lama. Likikomaa huwashambulia kama ambavyo lingemshambulia dume mwenzake: kifua mbele, meno wazi. Aliyelitendea wema ndiye wa kwanza kuangushwa. Kumpenda mnyama ni kumpa jamaa wa aina yake na mpaka kati yake na wewe.

Mababu zetu wa msituni waliijua elimu hii kwa mbwa. Mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, ambaye duniani anajulikana kama Basenji, habweki kama mbwa wengine. Wawindaji walimfunga njuga ya mti shingoni ili wajue alipo kwenye kichaka. Alilala karibu na moto wa nyumba, alikula na watu, na asubuhi aliongoza wavu. Katika miaka ya 1930 Waingereza walimchukua, wakamzalisha kwao, na leo anafugwa Ulaya na Marekani na hati za ukoo juu. Wanunuzi wanamlipia bei kubwa mbwa ambaye sisi tunampigia mawe sokoni. Sisemi haya ili tujisikitikie. Nasema kwamba hapa palikuwapo watu walioishi na mnyama wao kwa akili, na kazi ikatoka katika kuishi huko.

5. Mbuzi wa Mangobo na dende wa Kivu

Sasa tutazame nyua zetu. Mwulizeni mwenye mbuzi pale Mangobo mbuzi wake wako wapi mchana huu. Atasema wako huko, watarudi. Mbuzi kwetu ni akiba inayotembea: huachiwa, huzaa anapojua, hukamatwa siku ya msiba au ya ada ya shule. Anakula sombe ya jirani, kesi inaanza. Anakohoa, hakuna aliyeona ni lini alianza kukohoa. Hajulikani na mtu.

Na mbuzi huyu mfupi ni hazina. Mbuzi wadogo wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati wana uvumilivu wa nagana walioupata kwa kuishi na mbung'o karne nyingi, kama walivyo ng'ombe wa N'Dama walioletwa Kongo kutoka Afrika ya Magharibi kwa sababu hiyohiyo. Mnyama aliyekwisha kufaulu mtihani wa msitu tunaye bure uani, nasi tunatafuta mwingine kwenye simu.

Yangambi, kilomita kama 100 kutoka hapa kwa kuufuata mto, inatuonyesha kinachotokea jambo likipata watu wake. Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na huko Yangambi watu walikaa na mchikichi kila siku, wakihesabu mikungu na kupasua kokwa, hadi Beirnaert na wenzake wakaeleza mwaka 1941 jinsi unene wa kokwa unavyorithiwa. Mashamba ya michikichi ya Asia yamenufaika na kazi hiyo. Mchikichi wetu ulipata wa kukaa nao. Mbuzi wetu bado.

Mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalodai ndege ya mizigo.

La kwanza, banda na daftari. Banda la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, sakafu ya fito zinazopitisha samadi, paa la majani. Mbuzi alale humo kila usiku na aonwe kila asubuhi na mtu yuleyule, kijana au mama, ambaye sehemu ya watoto watakaozaliwa iwe mali yake. Hili la umiliki msilipuuze. Ndilo lililokosekana Api. Daftari liandike nani amezaa, lini, na nani amekohoa. Malisho yapo: pueraria, mtambao uliopandwa kufunika udongo chini ya michikichi na mipira, sasa unajiotea wenyewe kando ya barabara zetu.

La pili, chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu umeingia nchini, huua mbuzi wa kijiji kizima kwa muda mfupi, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Chanjo yake ni nzuri: sindano moja hulinda kwa miaka mitatu au zaidi. Lakini mbuzi asiyekamatika hachanjwi. Mwuguzi wa mifugo akifika kijijini na baridi ya chanjo inaisha, hawezi kukimbiza mbuzi kichakani. Mbuzi aliyezoea kulala bandani na kuitwa kwa jina hushikwa kwa mkono mmoja.

La tatu, kwa anayetaka kabisa mnyama wa Andes, yupo, na yuko karibu. Kule Sud-Kivu familia nyingi hufuga dende, yaani simbilisi, yule mdogo wa kukaa jikoni, aliyefugwa na watu walewale waliomfuga lama. Hula majani na maganda ya jikoni. Mimba yake ni miezi miwili na siku chache, na watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wakati wa vita, ng'ombe na mbuzi walipoporwa, dende alifichika na alibebeka ndani ya kikapu. Watoto humfuga wenyewe, humwuza, hununua daftari. Sharti lake ni majani mabichi kila siku, kwa sababu mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi wenyewe. Joto kali pia humdhuru, hivyo hapa kwetu apewe kivuli na hewa. Kijana akiweza kuishi na dende kwa mwaka mzima bila kumsahau hata siku moja, huyo mpeni mbuzi.

Hitimisho

Mnyama asiyekuwa na mtu wake hafai kazi, hata awe na nguvu za tembo. Siiombi serikali ya jimbo bajeti ya kuleta lama, na atakayeniletea mradi huo nitamwuliza kwanza nani atalala karibu na banda lao, na akishalala huko mwaka mmoja, ni wangapi kati ya watoto wa lama watakuwa wake. Kama hana jibu, mradi huo ni Msasani ya pili.

Ninachoomba ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Wanafunzi wa ufugaji mlioko hapa, kila mmoja achukue familia moja yenye mbuzi katika mtaa wake, Kabondo, Makiso, Tshopo, Mangobo au Lubunga, na aende huko kila juma kwa mwaka mmoja, kalamu mkononi. Walimu, daftari hizo zihesabiwe kama mtihani. Mwakani tutakuwa na habari za mbuzi wa Kisangani zilizoandikwa na watu waliokaa nao, na hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuulizana tulete mnyama gani mwingine.

Sasa maswali, na tuanze na wafugaji.